Uwanja wa ndege wa Kisumu: ulikuwa wa kimataifa kabla ya kuitwa wa kimataifa

1. Kampeni zikianza huku kwetu ziwani, kuna ahadi moja haikosi jukwaani: mkituchagua, ndege zitatoka Kisumu moja kwa moja hadi ng'ambo. Kesho yake mpinzani anapanda na kusema uwanja ulitelekezwa makusudi kutuonea sisi. Umati unashangilia wote wawili, halafu kila mtu anarudi kwake na bodaboda. Leo tusishangilie, tuelezane. Sitataja mwanasiasa wala chama, na mkijibu naomba msitaje pia. Tuangalie uwanja wenyewe.

2. Nalivalia njuga kwa nini? Miaka michache iliyopita mamangu alipewa rufaa ya matibabu Nairobi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Ndege ni kama dakika 50 tu. Tukaangalia bei, tikiti yake na yangu, tukapiga hesabu mara mbili, tukakata basi la usiku. Aliniegemea begani kupita Ahero, Kericho, Nakuru, mpaka Nairobi alfajiri. Yuko salama, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: huu uwanja tunaopigania majukwaani ni wa nani?

3. Tuanze na historia, manake hapo ndipo tunadanganywa sana. Ukiuliza watu Kisumu ilipata uwanja wa kimataifa lini, wengi watakujibu 2012 hivi. Kwa cheti, sawa. Lakini kwa safari za kweli zinazovuka mipaka, mko nje kwa miaka kama 80.

4. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha huduma ya barua kutoka London hadi Mwanza. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, barua ndizo zilizoendelea kusini. Kisumu ilikuwa kituo kwenye njia hiyo. Januari 1932 njia ikarefushwa hadi Cape Town. Kutoka Khartoum kuja Kisumu zilitumika ndege za Short Calcutta, zile zinazotua majini kama bata. Zikifika Kisumu, safari ya kusini inaendelea kwa ndege za nchi kavu. Yaani Kisumu ndipo watu walipobadilishia ndege. Leo kazi hiyo inafanywa na Nairobi.

5. Kwa nini Kisumu? Reli ilikuwa imefika tangu 1901, bandari ipo, na Nam Lolwe lenyewe lilikuwa uwanja wa bure. Ndege ya majini haihitaji kilomita za lami. Inahitaji maji tulivu, mafuta, boti ya kuwashusha abiria, na mahali pa kulala. Nairobi wakati huo haikuwa na ziwa la kujivunia.

6. Sasa abiria au barua ya Nairobi ilifikaje Nairobi? Kuna kampuni iliyoanzishwa 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, ikaitwa Wilson Airways. Ndege zake ndogo zilikuwa zikibeba barua na watu kutoka Kisumu kwenda Nairobi na hadi Pwani. Ndiyo, ni yule yule ambaye Uwanja wa Wilson una jina lake. Kwa hiyo kuna wakati Nairobi ilikuwa tawi na Kisumu ndiyo shina. Wasomaji wa Nairobi, poleni.

7. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, zile za Short Empire, zikitoka Southampton hadi Durban. Kwa upande wetu zilipita Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji. Juni 1940 Italia ikaingia vitani, njia ya Bahari ya Kati ikafungwa. Waingereza wakaunda njia mpya yenye umbo la kiatu cha farasi: Durban, Kisumu, Cairo, Karachi, Calcutta, Singapore, hadi Sydney. Someni tena. Mwaka 1940 Kisumu ilikuwa kwenye njia moja ya ndege na Australia.

8. Lakini kabla hatujaanza kulia "enzi zetu", ngojeni. Nani alikuwa ndani ya zile ndege? Maafisa wa serikali ya kikoloni, masetla, wafanyabiashara wenye uwezo. Mvuvi wa Kogony au Dunga aliziona kutoka ufukweni. Na zile ndege hazikuja kwa sababu Kisumu ilipendwa. Zilikuja kwa sababu serikali ya Uingereza ililipa ruzuku ili barua za himaya zifike haraka. Kulikuwa na mtu anayelipa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

9. Zilipotea vipi? Hakuna aliyeroga. Baada ya vita, ndege za nchi kavu zikawa kubwa, zikaruka mbali zaidi, na viwanja vya lami vikawa vingi. Hata zile ndege za majini zilizobaki kwenye njia ya Afrika zilitumia Port Bell na Naivasha, na kufikia mwisho wa 1950 shirika la BOAC lilikuwa limeachana nazo kwenye njia hiyo. Nairobi ikatumia Eastleigh, kisha 1958 ukafunguliwa uwanja wa Embakasi. Teknolojia ilihama, ni kweli. Lakini tuwe wakweli pia: mahali pa kumwaga lami ni uamuzi wa watu, na watu waliamua Nairobi.

10. Mwaka 1946 likaanzishwa East African Airways, shirika la pamoja la nchi zetu. Kisumu ilikuwa kituo kimoja katika mtandao uliogusa Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa mji wa ziwani hii ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu majirani wetu wa kweli ni Mwanza, Musoma, Bukoba, Jinja na Entebbe. Ukiangalia ramani ya ziwa bila mipaka, Kisumu haiko pembeni hata kidogo.

11. Halafu 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la pamoja likafa, Kenya ikaunda Kenya Airways mwaka huo huo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Watu wakisema "uwanja wetu uliuawa", mimi hapa ndipo ninaponyosha kidole, kwa tukio, sio kwa mtu mmoja. Kisumu ilikuwa njia panda, ikageuzwa mwisho wa njia. Ndege ikija, inageuza inarudi Nairobi ilikotoka.

12. Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Babangu alikuwa akitupeleka Jumapili karibu na ua wa uwanja kuangalia ndege, mahindi choma mkononi. Zilikuwa za mapangaboi, Fokker 50 za shirika la taifa. Njia ya kurukia ilikuwa na urefu wa kama kilomita 2. Tena Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana mnalijua. Hewa ya joto na ya juu ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndipo ipae. Ndege kubwa iliyojaa mafuta na mizigo ya kwenda mbali isingeondoka pale. Hiyo ni fizikia, haina kabila.

13. Miaka ya 1990 ukajengwa uwanja wa kimataifa wa Eldoret, njia ya kurukia ya kilomita 3.5. Hapa ndipo timelaini zenu huwaka moto. "Kwa nini Eldoret kwanza na sio Kisumu?" Ni swali halali, na ni la kisiasa, kwa sababu pesa za umma zikipelekwa mahali pamoja hazikupelekwa pengine. Lakini angalieni kilichofuata. Cheti cha kimataifa hakikuileta Eldoret foleni ya abiria wa ng'ambo. Kilichokuja zaidi ni mizigo: ndege zinashusha bidhaa za wafanyabiashara pale, kisha nyingine zinaenda Nairobi kujaza maua. Mwenye ndege hufuata mzigo ulipo. Hasomi bango la mlangoni.

14. Zamu yetu ikafika. Njia ya Kisumu ikarefushwa hadi kilomita 3.3, jengo jipya la abiria likajengwa, na kufikia 2012 tukawa na uwanja wa kimataifa kwa jina. Nisiwe mchoyo wa sifa: kazi ile ilibadilisha mambo. Ndege za Boeing 737 zikaanza kutua bila wasiwasi. Mei 2022 mji wetu ulipoandaa mkutano wa Africities, wageni waliteremka hapo. Bila ule upanuzi tungewapokea kwa mabasi.

15. Basi mbona kwa sehemu kubwa ya miaka tangu hapo safari zenye ratiba zimebaki za ndani ya nchi? Tutenganishe vitu vitatu ambavyo jukwaani huchanganywa kama githeri.
Kwanza, kuitwa "wa kimataifa" maana yake ni kwamba kuna forodha, uhamiaji na afya ya bandarini, mtu anaweza kuingia au kutoka nchini pale. Ni mlango tu.
Pili, shirika la ndege linahitaji haki ya kuruka kati ya nchi mbili, na haki hizo hujadiliwa kati ya serikali na serikali. Afrika ilikubaliana kuzilegeza Yamoussoukro mwaka 1999, ikazindua soko moja la usafiri wa anga Januari 2018. Kenya imo. Utekelezaji ndio unakokotwa.
Tatu, abiria na mizigo.

16. Hilo la tatu tulifanyie hesabu. Chukua ndege ya mapangaboi yenye viti 78, kama zile Dash 8 ambazo Jambojet hutumia. Iweke Kisumu kwenda Entebbe na kurudi mara moja kwa siku. Hivyo ni viti 1,092 kwa wiki. Tuseme inahitaji kujaa asilimia 70 ili isile hasara: abiria 764 kila wiki, msimu wa shule na msimu wa njaa. Na wanashindana na basi la kupitia Busia. Inawezekana? Pengine. Lakini mgombea akikuahidi njia hiyo, muulize hawa watu 764 amewahesabu wapi, na kama hawatoshi, nani atalipa tofauti. Mwaka 1931 aliyelipa alijulikana.

17. Turudi ndani ya nchi, manake hapo ndipo wengi wetu tunaguswa. Kwenye njia ya Nairobi na Kisumu tumeona kampuni zikija na kuondoka. Fly540 ilianza 2006. Jetlink ilikuwepo, ikasimamisha safari Novemba 2012. Jambojet ilianza Aprili 2014, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji yake ya kwanza. Korona ikasimamisha kila kitu, ndege za ndani zikarudi 15 Julai 2020. Abiria wa huku anajua bila kuambiwa: wakiwa wengi wanaobeba, bei inashuka, mmoja akianguka, waliobaki hawana haraka ya kukuhurumia.

18. Sasa tikiti ya mamangu. Nilikuwa na hasira, nikadhani ni unyang'anyi mtupu. Baadaye nikaelewa kidogo. Kabla ya Krismasi ndege zinakuja Kisumu zimejaa na kurudi Nairobi na viti wazi. Januari ya kwanza ni kinyume: kila mtu anarudi kazini, wote upande mmoja. Viti vya bei ya chini vinanunuliwa mapema na wanaopanga likizo. Mgonjwa hapangi. Rufaa inatoka Jumatatu, wewe unakuta viti vya mwisho, vya bei ya mwisho. Ongeza mafuta, ndege zinazokodiwa kwa dola, ada za kutua na ada ya abiria. Kuelewa hakukunipunguzia uchungu, lakini kulinionyesha pa kuuliza: ada na kodi ni mambo ambayo serikali inayagusa. Wiki ya Januari haiwezi kuifuta.

19. Na tena, mbona mama alihitaji kusafiri? Hapa ndipo mjadala wa uwanja unanichoma. Tungekuwa na kile kipimo hapa hapa, bei ya tikiti isingetuhusu. Wakati mwingine tunapigania ndege kwa sababu tumechoka kupigania hospitali. Jukwaani ndege inapendeza zaidi, ina picha nzuri kwenye bango.

20. Mizigo je? Kila kampeni tunaambiwa mbuta wetu atapanda ndege Kisumu na kushukia Ulaya. Minofu ya samaki inayosafirishwa kwa ndege huenda kwanza Nairobi kwa lori lenye baridi. Kuigeuza njia hiyo hakuanzi na ndege. Kunaanza na barafu ufukweni, umeme usiokatika, vyumba vya baridi uwanjani, wakaguzi wa ubora walio karibu, na mzigo wa kujaza ndege kila wiki, kwenda na kurudi. Na kunaanza na samaki, ambao wavuvi wenyewe watawaambia wanapungua. Mwanasiasa akitaja ndege ya mizigo bila kutaja barafu, hajui anachosema, au anadhani sisi hatujui.

21. Kuna jambo ambalo halipigiwi makofi: ardhi. Uwanja haukujengwa hewani. Uko Kogony, na wenyeji wa pale wamelalamika hadharani kwa miaka mingi kuhusu ardhi ya wazee wao na fidia. Sitaamua kesi hapa, sio kazi ya uzi huu. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 40, inasema serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, alipwe kwa haki, kikamilifu na bila kukawia. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Anayeahidi kurefusha uwanja aseme pia mstari utapita kwenye boma la nani, na hundi itatoka lini. Sisi tunaopanda au kutamani kupanda tusisahau kuna mtu alihamishwa ili tupae.

22. Mwisho, nani anawajibika? Jedwali la Nne la Katiba liko wazi. Usafiri wa anga uko chini ya serikali ya kitaifa. Viwanja vikubwa vinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, iliyoundwa 1991. Kaunti inashughulikia barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, usafiri wa umma barabarani, vivuko na bandari ndogo. Kwa hiyo anayetaka ugavana akikuahidi ndege za Dubai, anakuuzia ng'ombe wa jirani. Anachoweza ni kusukuma, kushawishi, kutengeneza barabara za masoko na fukwe, na kujenga soko lenye barafu. Hayo ndiyo ya kumpimia. Ndege za Dubai mpelekee anayetaka kiti cha kitaifa, na umwombe jibu la maandishi.

23. Kwa hiyo wakija, na watakuja, nendeni na maswali haya matano mfukoni:
a) Njia gani hasa, kutoka wapi hadi wapi, mara ngapi kwa wiki?
b) Abiria au mzigo gani utaijaza, na umehesabiwa na nani?
c) Ikila hasara, nani analipa?
d) Ni ofisi ipi kisheria ina uwezo wa kufanya hilo, na je, ndiyo unayoiomba?
e) Ardhi ni ya nani, na amelipwa?
Akijibu matatu kwa ufasaha, msikilizeni. Akijibu kwa kumtukana mpinzani wake, ondokeni mapema mpate matatu.

24. Watu wangu wa Kakamega, Suneka na Kabunde, msidhani mmeponea. Nanyi mna viwanja vidogo vinavyoahidiwa mbingu kila miaka mitano. Maswali ni yale yale. Na kabla hatujagombana ni kaunti gani iwe na "kimataifa" kwenye bango, tukumbuke kwamba kutoka mingi ya miji hii hadi Kisumu au Eldoret ni mwendo wa saa chache kwa gari. Abiria 764 hawawezi kugawanywa mara tano na bado wajaze ndege tano.

25. Babangu, yule wa mahindi choma, hakuwahi kupanda ndege maishani. Alipenda tu kuziangalia zikiinuka juu ya ziwa. Mamangu bado huenda Nairobi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, na siku hizi tarehe zake zinatoka mapema, kwa hiyo mara moja moja tunapata kiti cha bei nafuu. Mara ya kwanza alikaa dirishani, akatazama chini, akauliza, "Hilo ziwa lote lilikuwa hapa siku zote?" Nikamwambia ndiyo mama, na kuna wakati ndege zilikuwa zinatua ndani yake. Hakuniamini. Nikimpata na miwani yake nitamsomea uzi huu.

Kama nimekosea tarehe au jambo, nirekebisheni kwa heshima. Kama mna swali la sita la kuongeza kwenye orodha, leteni.